Kocha Aliyejifunza Kazi Kwenye Chumba cha Kufulia

Funguo za chumba cha kufulia nimeshazikabidhi, na nyinyi wawili mliozipokea mmeniomba niwaandikie kazi yenyewe inakuwaje. Nilianza kuandika maelekezo. Nilipofika mstari wa nne nikaona yote yamo tayari kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Kisichomo kwenye karatasi ile ni watu. Basi nitawaeleza nilivyoanza, kisha nitawaeleza habari za Waldek. Nyinyi mnamjua kama yule kocha wa Kipolandi mwenye koti refu anayeonekana kwenye televisheni akiwa ameweka mikono nyuma. Mimi nilimfahamu akiwa mchezaji wa kiungo mwenye soksi zilizolowa.

Nilitoka Lubumbashi nikiwa fundi cherehani, nikafikia kwa dada yangu huko Ixelles, Ubelgiji. Tangazo la kazi nililoliona lilisema tu kwamba anatafutwa mtu wa kufua, na mimi nikadhani ni hoteli. Siku ya kwanza nilivaa sketi nzuri na viatu vya kanisani. Nilishuka kwenye basi pale mtaa wa Forest, nikafuata anwani, nikajikuta mbele ya kiwanja cha mpira kilichojaa tope, nyuma ya ghala. Mlangoni alisimama mzee mmoja Mflemi, Papa Jef, mtunza vifaa wa klabu tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka. Alivitazama viatu vyangu, akaingia ndani, akatoka na buti za mpira za golikipa. Golikipa yule alivaa namba arobaini na saba. Mwezi mzima nilitembea kama bata.

Kazi yake ya kwanza kwangu ilikuwa kapu la soksi nyeusi, nizipange jozi jozi. Zote zilikuwa sawa. Nilimwuliza nitajuaje ipi ni mwenzake na ipi. Papa Jef akasema soksi za mpira hazina kushoto wala kulia, ila wachezaji wanaamini zinazo, na mtunza vifaa halipwi kwa kuwafundisha wachezaji ukweli. Ndiye aliyenifundisha kwamba tope huachwa likauke kwanza, kisha hupigwa brashi, ndipo nguo ikaingia kwenye maji. Jezi hugeuzwa ndani nje ili namba zisibanduke. Na dawa ya kulainisha nguo haitiwi kamwe, kwa sababu inaziba kitambaa na jasho linakosa pa kutokea. Niliitia mara moja tu, kwa wema. Timu ikanukia maua dakika ishirini, halafu wakaanza kuteleza mikononi mwa wapinzani kama samaki. Tulishinda, kwa hiyo nilisamehewa.

Mashine yetu ya kufulia Papa Jef aliiita Bourgmestre, yaani meya, kwa kuwa ilipiga kelele kutwa na haikumaliza jambo. Yeye aliisemesha Kiflemi, mimi nikaisemesha Kiswahili, na mashine haikupendelea upande wowote. Alipostaafu aliniachia kifaa cha kufungia njumu za viatu pamoja na ushauri mmoja: mchezaji usimwulize hali yake kabla ya mechi, kwa sababu atakueleza.

Sasa nimfikie Waldek.

Mwenyekiti wa klabu alinituma stesheni ya treni ya Gare du Midi nikampokee mchezaji mpya kutoka Poland, maana siku hiyo hakuna mwingine aliyekuwa na nafasi. Alinipa jina moja tu, Waldek. Nikaliandika kwenye boksi la sabuni kwa herufi kubwa, nikasimama nje ya stesheni. Ilikuwa Jumapili, na soko lilikuwa limejaa watu, mizeituni na majora ya vitambaa. Baada ya muda akaja mwanamume mwenye mabega mapana na begi la michezo. Akaonyesha boksi langu kwa kidole, akajionyesha mwenyewe. Nikambebea begi. Lilikuwa zito mno, nikajisemea huyu ana viatu vingi.

Kiwanjani nikampa jezi, akavaa. Alionekana kushangaa kidogo, ila hakukataa. Akacheza beki kwa dakika arobaini, na hakucheza vibaya. Kocha wa wakati ule alisema ana nguvu, lakini mbona kila mpira ukitoka anaangalia paa la vyumba vya kuoga. Mapumziko yalipofika tukamkuta bafuni amepiga goti, anagonga vigae kwa kifundo cha kidole na kutikisa kichwa kwa huzuni. Nikafungua begi lake. Ndani kulikuwa na mwiko, pimamaji na nyundo ya mpira. Alikuwa fundi wa vigae, naye pia aliitwa Waldek.

Waldek wetu, wakati huo, alikuwa Ixelles. Mkandarasi aliyemngoja fundi alimkuta amesimama peke yake stesheni, akamwita kwa jina, akamtia kwenye gari. Tangu asubuhi mchezaji wetu alikuwa akipandisha mifuko ya saruji hadi ghorofa ya nne. Baadaye alinieleza kwamba aliamini ni kipimo cha pumzi. Alikuwa amesikia kwamba Wabelgiji ni wakali kwenye mazoezi. Kitu kimoja tu kilimtia shaka: mpira unaletwa saa ngapi. Tulipokwenda kubadilishana, mkandarasi alisita kumwachia, akasema hajawahi kupata kibarua mwenye bidii namna ile. Fundi naye aliomba abaki na jezi. Tukamwachia, na kwa shukrani akatutengenezea bafu lote.

Jina kamili la mchezaji lilikuwa Waldek Krzyszczak. Msimu ule mwenyekiti alitaka wachezaji wawe na majina mgongoni kama timu za televisheni, nami ndiye niliyeyabandika kwa pasi. Pakiti ya herufi ilikuwa na Z moja tu, na huyu alitaka tatu. Niliketi nikaitazama pakiti hadi chai ikapoa, kisha nikagundua kwamba N ukiilaza ubavu inakuwa Z. Tatizo likawa N zenyewe. Nikazitoa mgongoni kwa golikipa wetu, Hennen, ambaye alikuwa na N tatu, na mimi nikaona moja inamtosha. Akabaki HEEN. Sikujua kwamba kwa Kiflemi neno hilo ni kama kusema "kwenda zake". Kila alipotoka langoni kuufuata mpira, mashabiki wa upande wa pili walimsomea mgongo wake kwa sauti. Aliniwekea kinyongo hadi Krismasi.

Uwanjani Waldek hakuwa mtu wa kukimbia. Alisimama katikati kama mwenye duka, na mpira ukawa unakuja kwake kununua. Akiupokea alikuwa ameshajua anaupeleka wapi. Niliwaona wachezaji wenye kasi mara mbili yake wakirudi kwangu wametapika, na yeye jezi yake imelowa kwapani tu. Goti lake la kulia, hata hivyo, lilikuwa bovu tangu Poland, na lilipenda joto. Mahali penye joto kuliko pote klabuni palikuwa kwangu, kati ya Bourgmestre na mashine ya kukaushia. Kwa hiyo kila siku baada ya mazoezi alikuja, akageuza ndoo, akakalia, akanyoosha mguu. Mimi nilifua na kuongea, kwa sababu mikono ikifanya kazi mdomo wangu haukai bure. Akaanza kuitikia. Baada ya msimu mmoja alikuwa anaongea kabisa.

Siku moja akarudi kutoka ofisi za commune, yaani manispaa, alikokwenda kuandikisha anwani yake, amekasirika.

"Maman Béa," akaniambia, "ule muntu wa commune hasikie Kifaransa."

Nikamwuliza alimwambia nini. Akarudia: "Bon, nilimuambia, alors, miye naomba karatasi ya nyumba yangu, donc ufanye mbio."

Niliweka kapu chini. Mtoto wa watu alikuwa amekaa kwangu mwaka mzima akidhani anajifunza Kifaransa. Alisikia *bon*, *alors* na *donc*, vijineno vya Kifaransa ninavyochanganya nikiongea, akaamini kila kinachokuja katikati yake ni lugha ile ile. Nilimweleza kwamba hicho ni Kiswahili, na tena ni Kiswahili cha Lubumbashi. Akaniuliza Lubumbashi iko karibu na Liège ama karibu na Namur, miji ya hapa hapa Ubelgiji. Alipojua ukweli alicheka mpaka akaanguka na ndoo. Hakwenda kujifunza Kifaransa mwaka ule. Alisema ameshatumia akili yake yote.

Miaka ikaenda. Kiwanda cha magari cha hapa Forest kilipofungwa, wachezaji wetu watatu waliokuwa wakifanya kazi kule wakawa na asubuhi zisizo na pa kwenda, wakaanza kuja klabuni mapema na kukaa tu. Ulikuwa msimu mgumu. Tulikuwa karibu na mkia wa ligi, na ikajulikana kwamba tukishuka daraja, wenye kiwanja watakichukua wakifanye maegesho. Katikati ya hayo yote kocha akaondoka kwenda kuuza mabwawa ya kuogelea.

Wiki hiyo hiyo goti la Waldek lilikuwa limevimba, akapeleka kwa mwenyekiti barua ya daktari wake wa Poland akiomba apumzike wiki tatu. Barua ilikuwa ya Kipolandi, yenye muhuri na sahihi mbili. Mwenyekiti aliitazama, akaona muhuri, akaamini ni cheti cha ukocha na kwamba Waldek anaomba kazi. Jioni akatangaza kwamba tumepata kocha mchezaji. Fundi wa vigae, aliyekuwa amekuja kurekebisha bomba, ndiye aliyeisoma barua ile ukutani ilikobandikwa. Akatuambia inahusu maji ndani ya goti. Mwenyekiti akasema tangazo limeshatoka na hawezi kulirudisha. Waldek akaniuliza afanye nini. Nikamwambia akatae kama hataki. Akakaa kwenye ndoo yake, akanyoosha mguu, akasema anataka. Halafu akajiandikisha kwenye kozi ya kweli, na cheti alikipata, hilo niliseme wazi.

Mkutano wake wa kwanza na wachezaji nilikuwemo, maana nilikuwa nagawa jezi. Alisimama mbele yao, akafungua mdomo, na Kifaransa hakikutoka. Alikuwa na maneno kumi ya mgahawani. Akanigeukia, macho yamemtoka, akaniambia kwa Kiswahili kwamba niwaambie. Nikasema niwaambie nini. Akaeleza mbinu ya mchezo kwa maneno aliyokuwa nayo, na maneno aliyokuwa nayo yalikuwa yangu:

"Kwanza tunabaloweka. Hatufanye mbio, tunabaacha mu maji. Kisha tunafikicha, pole pole, fasi ile ile moja tu. Kisha tunakamua. Na ku mwisho kabisa, tunaanika."

Mmoja tu ndiye aliyecheka, Espoir. Huyu alikuwa mshambuliaji wetu wa akiba, mtu wa Goma, mwenye umri wa miaka thelathini na mbili, ambaye siku za wiki alihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alisema kocha anaongea kama maman wa sokoni. Wengine walinitazama mimi. Nikatafsiri neno kwa neno, kwa sababu sikuwa na akili ya kubuni kingine. Ajabu ni kwamba walielewa. Nusu saa ya kwanza ilikuwa wakati wa kuloweka: unawaachia wapinzani mpira, wachoke, walegee. Kufikicha kulikuwa kushambulia upande mmoja tu mpaka pale mahali pachanike. Wale watatu wa kiwandani walisema ndiyo maelekezo ya kwanza ya wazi waliyopewa mwaka ule. Tukaanza kutoka sare, kisha kushinda. Mimi nikahamishiwa benchi kama mkalimani, pamoja na ubao wa kubadilisha wachezaji, na kufua kukaningoja.

Mechi ya mwisho tulihitaji sare. Kabla ya kuingia uwanjani, Waldek alinivuta pembeni akaniomba kitu. Alisema akiwa uwanjani hawezi kujiona. Nikimwona amechoka, nimtoe. Nilimwahidi. Niliogopa, lakini nilimwahidi.

Walitufunga moja mapema. Waldek alicheza vizuri kipindi cha kwanza. Dakika ya sitini nikaona mguu wa kulia umeanza kuburura. Dakika ya sitini na tano wapinzani nao wakauona, wakawa wanapita upande wake tu kama mlango ulioachwa wazi. Nikaandika namba yake, nane, kwenye ubao, nikausimamisha. Waldek aliutazama, kisha akaangalia mawingu. Nikausimamisha tena. Akahamia nyuma ya mwamuzi, na mwamuzi wetu alikuwa mnene, akamficha kabisa. Espoir alikuwa ameshavua koti, anarukaruka kando ya mstari. Mwamuzi akaja kuniuliza kama kuna mabadiliko au hakuna. Nikamwambia yapo, ila mchezaji amejificha nyuma yako. Akageuka. Waldek akageuka naye.

Ikabidi nipige kelele kwamba namba nane atoke. Akajibu kutoka katikati ya uwanja, tena kwa hasira:

"Kocha hayasema!"

"Kocha ni weye!" nikamwambia.

Alisimama. Niliona wazo likimwingia polepole. Alitazama benchi mahali kocha anapokaa, na pale palikuwa patupu. Akajitazama mguu. Kisha akaanza kutoka, akitembea, na watu wakadhani anapoteza muda, wakamzomea. Hakuwa anapoteza muda. Ndivyo goti lilivyoruhusu. Alipofika mstarini akampa Espoir mkono, akapita mbele yangu bila kunisalimia, akakaa kwenye viti vya wachezaji akiwa amenuna kama mchezaji yeyote aliyetolewa na kocha mjinga. Baada ya dakika moja akakumbuka, akasimama mbele kama kocha, akaanza kuelekeza. Kisha hasira ikamrudia, akakaa. Aliinuka na kukaa hivyo mara nne.

Dakika za mwisho alinishika mkono. "Sasa," akasema, "bakamue." Nikapiga kelele kwa Kifaransa, wale watatu wa kiwandani wakaipata sauti, wote wakaenda mbele. Beki mmoja wa upande wa pili alitaka kuuondoa mpira, akaupiga kwa nguvu, ukamgonga Espoir makalioni wakati anafunga kamba ya kiatu, ukaingia langoni. Espoir aliinuka akauliza kelele za nini. Ikawa sare, moja kwa moja. Tulibaki ligini, na kiwanja kikabaki kiwanja.

Sherehe ilikuwa kubwa, mimi sikuiona. Nilikuwa na nguo. Nilihesabu jezi, zikawa kumi na nne. Tulikuwa tumetumia kumi na tano. Nikahesabu tena. Ndipo nikamwona amekaa kwenye ndoo yake, upande wa pili wa mashine, bado amevaa namba nane, na tope limeanza kumkauka kifuani. Nilimwambia namngoja yeye tu. Nikaendelea kugeuza nyingine ndani nje, nikampa muda. Nilijua, na yeye alijua, kwamba hataivaa tena kwa mechi.

Mwishowe akasema, bila kunitazama, "Maman, nikivula hii, njo kusema niko muzee."

"Hapana," nikamwambia. "Njo kusema iko chafu."

Bega lake likaanza kutikisika, nikadhani analia, na pengine alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia. Akainua mikono, jezi ikakwama kichwani, nikamsaidia kuivuta kama unavyomvua mtoto. Nikaigeuza, nikaitia mashineni pamoja na zile kumi na nne, nikafunga mlango. Akabaki kifua wazi, akatetemeka. Nikamtupia koti la kocha, lile refu lililoachwa na muuza mabwawa. Lilimfaa mikono, likampwaya tumbo. Akalifunga vifungo vyote mpaka shingoni, akatoka kwenda kwa wachezaji wake.